Mashine ilipozimika mlangoni mwa Shela: nanga, saa ya kurudi, na mengine niliyojifunza

Mwalimu wa Langoni (mleta uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Amu (Lamu), Malindi na kwingineko.

Jambo hili nimelinyamazia tangu kusi (msimu wa upepo wa kusini) ya mwaka juzi. Nimeona sasa niliandike lote, kwa sababu kila Jumamosi naziona mashua ndogo zikitoka gatini zimepakia watoto, chupa za chai na mikeka, na katika nyingi ya hizo nanga imefukiwa chini ya mizigo, kama ilivyokuwa yangu siku ile.

Mimi si baharia wa kazi. Ni mwalimu wa skuli, na nina mashua ya futi 19 yenye mashine ya nguvu za farasi 15, ambayo huitumia kuvua kidogo na kuwatembeza watu wa nyumbani. Ilikuwa siku ya mwezi mpevu, Agosti, kusi imeshika. Baada ya adhuhuri tulikwenda ufuoni upande wa nje wa Ras Kitau, kule kisiwa cha Manda: mimi, mke wangu, dada yangu, watoto watatu wadogo, na mpwa wangu wa miaka 17. Niliazimu turudi kabla ya saa kumi, maji yakiwa bado yanaingia. Samaki wa kuchoma walichelewa kuiva, watoto wakaomba kuoga mara moja tena, na tulipoondoka ilikuwa saa kumi na moja na nusu.

Anayeijua Amu ameshaona kosa lilipo. Siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, kama mwezi ukiwa mpevu) maji ya kwetu hujaa kiasi cha saa kumi jioni, kisha huanza kupwa, na tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa siku hizo hupita mita 3. Sehemu kubwa ya maji yaliyoingia hutaka kutoka kwa mlango ule wa bahari ulio kati ya kijiji cha Shela, upande wetu, na Ras Kitau. Upepo wa kusi nao, ambao jioni huwa umeshapata nguvu, huvuma kutoka baharini kuja ndani. Maji yanatoka, upepo unaingia. Vikutanapo, mawimbi husimama wima, hukaribiana, na huvunjika hata mahali ambapo saa mbili kabla ungaliweza kupita na kikombe cha chai mkononi bila ya kumwaga tone.

Tulikuwa tumeshaizunguka Ras na kuingia mlangoni mashine ilipokohoa mara mbili, ikazimika.

Kosa langu la pili naliona kubwa kuliko lile la saa. Niliishika mashine. Nilivuta kamba, nikaminya pampu ya mafuta, nikafungua kifuniko, nikavuta tena na tena hadi ngozi ya kiganja ikachubuka, na muda wote huo sikutazama nje ya chombo. Mpwa wangu ndiye aliyepiga ukelele: "Mjomba, nanga!" Nilipoinua kichwa, mnara wa msikiti wa Shela, ambao ulikuwa ubavuni mwetu, ulikuwa umeshasogea mbali, na mbele yetu upande wa bahari nilikuwa nayaona mawimbi yakivunjika meupe. Mkondo ulikuwa unatutoa.

Nanga ilikuwa omo, yaani mbele ya chombo, chini ya kapu la samaki, mikeka miwili na mfuko wa nguo za watoto, na amari (kamba) yake imejisokota kwenye miguu ya kiti cha plastiki. Kuitoa kulituchukua muda ambao siwezi kuukadiria bila ya kusema uongo. Najua tu kwamba wakati huo mke wangu alikuwa ameanza kusoma dua kwa sauti. Tulipoitupa ikafika chini, amari ikaisha. Ilikuwa ya mita 12, na kina pale ni kiasi cha pima tatu, yaani mita 5 na nusu hivi. Niliweka kiganja juu ya amari nikaihisi ikitetemeka na kuruka, kama kigari kinachokokotwa juu ya mawe. Mtetemo ule maana yake ni kwamba nanga inakokoteka chini na haishiki.

Sababu yake nimekuja kuielewa baadaye, na naomba kila mwenye chombo aijue kabla ya kuihitaji. Nanga hushika inapovutwa kwa ulalo, ikajichimbia. Amari ikiwa fupi huivuta kwenda juu na kuing'oa. Inatakiwa kutolewa amari isiyopungua mara tano ya kina cha maji, na penye upepo mkali au mawimbi mara saba. Mimi nilikuwa na mara mbili na kidogo. Mpwa wangu, ambaye babu zake ni mafundi wa vyombo Matondoni, aliunga kamba ya kufungia gatini, yenye mita 25, tukailegeza taratibu. Amari ikaruka mara moja, ikaruka tena, kisha ikanyooka na kutulia. Tukautazama mnara na mnazi mmoja uliokuwa mbele yake, navyo vikabaki katika mstari mmoja bila ya kuachana. Hapo ndipo nilipojua kwamba tumesimama.

Hatukuwa tumeokoka bado. Mkondo uliigeuza omo kutazama ndani, kwa hiyo mawimbi yakawa yanatujia kwa tezi (nyuma), na tezi ya mashua yangu imekatwa chini ili kubeba mashine. Kila baada ya mawimbi matatu au manne, moja lilituingilia. Niliwaketisha wote sakafuni katikati ya chombo, wasisimame wala kuegemea ubavu mmoja, na mimi na mpwa wangu tukakumba maji, yeye kwa upo na mimi kwa sufuria ya pilau. Majaketi ya kuokoa maisha yalikuwa matano kwa watu saba. Nasema hivi kwa kuwa ni kweli na kwa kuwa sitaki mwingine alirudie. Mawili ya watoto yalikuwa makubwa mno, yakipanda hadi masikioni, ikabidi dada yangu ayafunge kwa leso iliyopitishwa katikati ya mapaja.

Nilimpigia ndugu yangu simu. Alidhani tuko nyumbani, tumeshakula. Hapana mtu yeyote nchi kavu aliyejua kwamba tumetoka, wala saa tuliyotarajiwa kurudi, na kama simu ingaliingia maji, tungalianza kutafutwa baada ya isha. Jua lilikuwa linazama mashua moja ya Shela ilipotufikia. Nahodha wake hakutusogelea. Alisimama mbali, akatutupia kamba, akaniamrisha niifunge kwenye kichwa cha omo na si kwenye ubao wa ubavuni, na akataka watoto wasikae mbele ya ile kamba, kwa sababu ikikatika hurudi kama mjeledi. Nanga ilikuwa imeshika kiasi cha kutong'oka, kwa hiyo tuliifungia jerikeni tupu iwe boya, tukaiacha.

Chanzo cha yote ni maji ndani ya petroli. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini ya tangi, na chini ndipo bomba linapofyonza. Siku hizi kila nikinunua mafuta humimina kidogo katika chupa nyeupe nikaiacha itulie. Maji yakiwapo, mstari huonekana wazi chini. Hubeba chujio la akiba na plagi mbili. Mafuta huyagawa mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la tatu lisiguswe. Lakini hata mwenye mashine mpya kabisa naomba alishike hili moja: mashine ikizimika penye mkondo, nanga kwanza, na kuitazama mashine baadaye.

Wenye ujuzi naomba mnikosoe na kuongeza.

Nahodha wa Shela

Waalaykum salaam Mwalimu. Alhamdulillahi mlirudi nyote.

Uliyoyasema kuhusu nanga ni ya haki, na nitaongeza lile ambalo umelifanya bila ya kulitaja: uliitupia omo. Nimewaona watu, kwa sababu wameketi nyuma karibu na mashine, wakifunga amari kwenye tezi. Mkondo ukiwa mkali, tezi huvutwa chini na maji huingia hapo hapo, na chombo kinaweza kujaa kabla hujapata nafasi ya kuikata kamba. Nanga ni ya omo. Na karibu na nanga kuwe na kisu kikali kilichofungwa kwa uzi, kwa ajili ya ile siku ambayo itabidi amari ikatwe.

Nataka kusema na wale wanaotembea kwa tanga, maana hatari yao ina sura nyingine. Dau letu halipinduliwi na upepo unaovuma mchana kutwa; hupinduliwa na upepo unaokuja ghafla huku demani (kamba ya kuongozea tanga) imefungwa fundo. Demani haifungwi fundo. Hushikwa mkononi, au huzungushwa mara moja na kushikwa, ili upepo ukizidi iachiliwe tanga limwage upepo. Dalili huwa zipo. Wingu jeusi lenye ukingo mnyoofu chini, ubaridi unaokupiga usoni kwa ghafla, na juu ya maji mstari mweusi wa viwimbi unaokuja kwako. Ukiuona mstari ule, tua tanga wakati ule ule. Usingoje kuona kama utakufikia. Tanga lililotuliwa bure hutwekwa tena kwa dakika tano.

Chombo kikipinduka, la kwanza ni kuhesabu watu kwa majina, kwa sauti, kila mmoja aitikie. Asiyeitikia huenda yuko chini ya tanga. La pili ni kushikamana na chombo. Dau la mbao, hata likijaa maji, kwa kawaida hubaki likielea, na likiwa na farumi (uzito wa kukitulizia chombo) ya mifuko ya mchanga, mifuko hiyo itupwe ili lipate wepesi. Watoto wapandishwe juu ya mgongo wa chombo, wakubwa washike pande zote mbili. Chombo ni kikubwa na huonekana kutoka mbali, ilhali kichwa cha mtu kati ya mawimbi ya kusi hakionekani hata kwa hatua mia mbili. Wenye vyombo vya faiba wajue kabla ya kusafiri kama vimejengewa mapovu ya kuelea ndani ya kuta zake, kwa sababu kisicho nayo kinaweza kuzama chote.

Na amri iwe ya mtu mmoja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na hili halijapata kuwa kweli zaidi kuliko katika chombo kilichojaa ndugu wa nyumba moja.

Kijana wa Mkomani

Shukran Mwalimu, na shikamoo Nahodha. Nina neno, na nalisema kwa heshima. Majaketi hayo ni ya moto na yanabana, na wazee wetu wamevuka bahari hii karne nyingi bila ya kuyavaa. Mimi mwenyewe nimeogelea kutoka Shela hadi Manda zaidi ya mara moja. Je, kwa mtu ajuaye kuogelea, si afadhali aogelee kwenda nchi kavu inayoonekana kuliko kungoja juu ya chombo kilichopinduka?

Nahodha wa Shela

Marahaba mwanangu. Ulipoogelea, uliichagua saa. Nina hakika ulingoja maji yasimame, yamekwisha kujaa au kupwa, ukaingia umepumzika, umeshiba, bila ya nguo. Chombo hakikungojei uchague. Utaingia majini umevaa, pengine umegongwa na foromali (mti wa tanga), na umemeza maji, na siku ya bamvua mkondo wa mlangoni humshinda muogeleaji hodari. Utakuwa unaitazama Manda usoni, ukipiga mikono kuielekea, na unapelekwa nje kwa ubavu. Wazee waliovuka bila majaketi tunawajua kwa majina kwa sababu walirudi. Mimi ninawajua wengine wawili, wa rika langu, waliokuwa waogeleaji kuliko sisi sote. Chombo chao kilipatikana asubuhi kinaelea.

Muuguzi wa Kisiwani

Naomba niingie hapa kwa kazi yangu. Kijana, jaketi halivaliwi kwa ajili ya saa ambayo mtu ana nguvu. Huvaliwa kwa ajili ya saa ambayo amezimia au amechoka, na huwa limechelewa mtu akitaka kulivaa akiwa tayari majini. Anayetaka kusadiki ajaribu penye maji ya kifua siku ya utulivu. Kwenye jaketi huandikwa nguvu yake ya kuelea kwa vipimo vya nyutoni: lenye 50 ni la kumsaidia anayejua kuogelea karibu na ufuo, lenye 100 na zaidi limekusudiwa kumlaza mtu uso juu. La mtoto lazima liwe la uzito wake na liwe na ukanda wa katikati ya miguu. Ile leso ya dada yake Mwalimu ilifanya kazi ya ukanda huo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba anayezama hapigi kelele. Pumzi yote anaitaka kwa kupumua, mikono inabonyeza maji kando yake, kichwa kimelala nyuma, mdomo unazama na kutokeza. Mtu wa namna hiyo anaweza kupotea chini ya dakika moja, na mtoto hupotea upesi zaidi. Usimrukie. Atakukumbatia na kukuzamisha nawe. Mnyoshee kasia, mtupie kamba, mtupie jerikeni tupu la lita 20 lililofungwa vizuri, ambalo humwelesha mtu mzima bila ya taabu. Mmoja katika chombo apewe kazi ya kumnyoshea kidole aliyeanguka na asiondoe macho yake kwake hata chombo kikigeuka. Nahodha amwendee polepole akiuelekea upepo, na mashine izimwe kabisa kabla mkono wake haujafika ubavuni.

Akitolewa hapumui, usimning'inize kichwa chini wala usimbonyeze tumbo ili atoe maji. Hayo hupoteza muda na humfanya atapike maji yakaingia mapafuni. Mlaze chali pagumu, inua kidevu, mzibe pua, mpulizie pumzi tano mdomoni hadi uone kifua kinapanda. Akiwa bado hapumui, bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi mbili, na uendelee hivyo bila ya kuacha. Kwa aliyezama, hewa ndiyo aliyoikosa kwanza, na ndiyo sababu tunaanza na pumzi. Aliyemeza maji hadi akakohoa sana au akazimia apelekwe hospitali hata akisema amepona, maana mapafu yanaweza kumharibikia saa kadhaa baadaye.

Aliyechomwa na mwiba wa taa (yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani) atiwe mguu katika maji ya moto kwa kadiri anavyoweza kuvumilia bila ya kuungua, kiasi cha digrii 45, kwa dakika 30 hadi 90. Maumivu hupungua sana. Mwiba ulioingia kifuani, shingoni au tumboni usichomolewe. Afikishwe hospitali ukiwa pale pale.

Bi. wa Malindi

Salaam kutoka Malindi. Mimi na mume wangu tuna boti ya kupeleka watu kutazama samaki katika hifadhi yetu ya bahari, ambayo ni hifadhi tangu 1968, kwa hiyo nitasema ya huku.

Huku, lile ambalo hunitia hofu kila siku ni shangwe. Mtu mmoja akisema "pomboo wale kule!", watu kumi na wawili husimama na kukimbilia ubavu mmoja wakiwa na simu mikononi. Boti isiyojaza hata abiria halali inaweza kulala kwa namna hiyo. Sisi huwaambia kabla ya kamba ya gatini kufunguliwa kwamba nahodha ataigeuza boti ili kila mmoja aone akiwa ameketi, na asiyeketi tunarudi naye. Baadhi hukasirika.

La pili ni rafadha, lile pangaboi la mashine. Watu wakiwa majini, haitoshi mashine kuwa haijatiwa gia. Gia inaweza kuguswa na goti la mtoto. Izimwe. Na ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine, ambayo nahodha wengi huiacha ikining'inia, ifungwe mguuni au kiunoni. Nahodha akianguka baharini bila ya kamba ile, boti huendelea yenyewe, usukani hupinda, na boti huzunguka kwenye duara ikirudi juu ya kichwa chake.

Kuhusu mafuta naongeza juu ya ya Mwalimu: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka ngamani (chini kabisa ndani ya chombo) na kukaa huko bila ya kuonekana. Tangi la kubebeka lishushwe, lijazwe nchi kavu, abiria wakiwa hawajapanda, na pasiwe na sigara wala jiko. Wale wanaochoma samaki ndani ya boti nimeshasema nao sana. Ukinusa petroli, usiwashe chochote; fungua vifuniko, pangusa, upepo upite kwanza. Mtungi wa kuzimia moto uwekwe pale ambapo utaufikia bila ya kuupita moto wenyewe.

Wanaokuja kutoka Lamu kwa chombo chao wajihadhari na mdomo wa Sabaki, kaskazini mwa mji wetu. Mvua zikinyesha bara, maji hugeuka rangi ya udongo, mafungu ya mchanga huhama, magogo huelea yakiwa yamezama nusu, na mwamba uliokuwa unauona jana huuoni tena. Jua likiwa usoni pia huwezi kuusoma mwamba. Sisi hupita penye miamba jua likiwa juu au mgongoni.

Mgeni wa Manda

Nimefaidika sana, ndugu zangu. Nauliza: mtu akiwa katika dharura amwite nani hasa, na kwa njia gani? Simu pale nje wakati mwingine haishiki.

Mwalimu wa Langoni

Ahsante kwa swali, na ahsanteni nyote. Nimekuwa nikiuliza na kujifunza, na haya nimeyathibitisha.

Penye mtandao, 999 na 112 ni namba za dharura za Kenya. Mombasa kipo kituo cha kuratibu uokoaji baharini kinachohudumia pia nchi jirani, na tangu sheria ya 2018 tuna Walinzi wa Pwani wa Kenya, ambao kuokoa watu ni katika kazi zao. Lakini kwanza kabisa weka mkononi namba za manahodha watatu wa Shela, wa Mokowe au wa pale unapoelekea, kwa sababu aliye karibu ndiye atakayefika kabla ya giza.

Pasipo mtandao, redio ya baharini ya mkononi haina mshindani. Chaneli 16 ndiyo ya dharura duniani kote. Husemwa "Mayday" mara tatu, jina la chombo mara tatu, kisha mahali ulipo, lililokupata, na idadi ya watu, halafu unaachia kitufe na kusikiliza. Neno hilo ni la hatari ya maisha. Ukiwa umezimikiwa na mashine tu na nanga imeshika, husemwa "Pan-pan" mara tatu. Redio ya mkononi ya wati 5 hufika maili chache tu ukiwa umeketi chomboni, kwa hiyo simama uinyanyue. Simu nayo, hata bila ya mtandao, huonyesha mahali ulipo kwa satelaiti. Mji wa Amu uko kiasi cha digrii 2 na dakika 16 Kusini, digrii 40 na dakika 54 Mashariki. Ukiyajua haya, utatambua mara moja kama tarakimu unazozisoma ni za karibu au umezikosea. Simu iwe ndani ya mfuko usioingia maji, na uning'inie shingoni, usiwe kapuni.

Visivyotumia betri ni filimbi iliyofungwa kwenye kila jaketi, kioo kidogo cha kumulikia jua, na mikono: nyoosha yote miwili pembeni, ipandishe na kuishusha polepole, mara kwa mara. Hiyo ni ishara ya kimataifa ya kuomba msaada. Kupunga mkono mmoja hapana. Watu wa mashua nyingine watakupungia nao, wapite zao.

Mgeni wa Manda

Na ile nanga uliyoiacha, Mwalimu, uliipata?

Mwalimu wa Langoni

Niliipata kesho yake maji yaliposimama. Jerikeni lilikuwa pale pale. Ilikuwa imejipachika chini ya jiwe, na mpwa wangu alizamia mara tatu kuitoa. Sasa ina mnyororo wa mita 3 na amari ya mita 50 iliyokunjwa ndani ya ndoo isiyowekwa kitu kingine, na ndoo hiyo iko omo peke yake. Majaketi ni manane, matatu ya watoto.

Nimezoea pia kuandika karatasi kabla ya kutoka: majina, tunakokwenda, rangi ya chombo, saa ya kurudi, na namba ya kupiga ikipita saa nzima baada ya hapo hatujaonekana. Hubaki kwa shangazi yangu, ambaye haisahau saa. Jumamosi hii ni maji mafu (yasiyojaa wala kupwa sana), yatajaa saa nne na nusu asubuhi. Tutatoka saa mbili, na nimemwandikia kwamba tutakuwa gatini saa sita.